Msomaji Wako Anajua Nini? Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Hadithi

Andika sentensi hii: “Saa mbili usiku bajaji ilimshusha Manzese.” Maneno sita tu, na tayari umemdhania msomaji mambo matatu. Kwanza, kwamba anahesabu saa kama sisi. Hilo halina wasiwasi. Pili, kwamba anaijua bajaji; wa Mombasa atakwambia hiyo ni tuktuk, lakini ataipata. Tatu, kwamba Manzese kwake si jina tupu. Hapo mkazi wa Dar es Salaam ameshaona Barabara ya Morogoro na msongamano wake, wakati msomaji wa Lubumbashi hajaona kitu.

Umeharibu? Hapana. Wa Lubumbashi atasoma na kupita, kama sote tunavyosoma hadithi za miji tusiyowahi kuikanyaga. Niseme mapema ninachokiamini ili usije ukakitafuta huko chini: msomaji huvumilia kutojua karibu kila kitu, isipokuwa sababu ya mtu kufanya alilolifanya. Asipojua Manzese ikoje, anaendelea. Asipojua kwa nini mhusika anatetemeka akiona mlango wa duka umefungwa saa nne asubuhi, anakuacha. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: anapaswa kujua nini, na alijue kabla ya ukurasa gani? Hatua zifuatazo ni za kuutendea kazi mswada wako. Zifuate ukiwa umeshamaliza rasimu ya kwanza. Ukianza nazo kabla hujaandika, utaandika kwa woga.

Hatua ya 1: Mchague msomaji mmoja, wa hatua moja nje

Waulize waandishi wanamwandikia nani, utajibiwa “vijana”, “Watanzania”, “wapenzi wa fasihi”. Majibu hayo hayakusaidii chochote ukiwa mbele ya sentensi. Mchague mtu mmoja unayemfahamu kwa sura, ambaye yuko nje ya ulimwengu wa hadithi yako kwa hatua moja tu.

Tuchukue mfano ambao tutatembea nao hadi mbali. Unaandika hadithi ya Tanga mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa. Msomaji wako asiwe mama yako aliyekuwa akiishi Ngamiani mwaka huohuo. Yeye atajaza kila pengo bila hata kujua kwamba kuna pengo. Awe, tuseme, mtoto wa dada yako aliyezaliwa Mombasa mwaka 2003. Kiswahili ni chake, mila za pwani anazijua, choo cha shimo amekiona kwa bibi yake. Ila hajawahi kupanga foleni ya sukari.

Kwa nini hatua moja na si kumi? Kwa sababu ukimweka kichwani mgeni wa mbali utaanza kueleza ugali. Ugonjwa huu upo sana, na nadhani tuliuokota kwenye riwaya za Kiafrika zilizoandikwa kwa lugha za Ulaya, ambako kila chakula na kila salamu hupewa maelezo kwa ajili ya msomaji wa ng’ambo. Kwa Kiswahili msomaji huyo hayupo. Ukijikuta umeandika “ugali, chakula kilichopikwa kwa unga wa mahindi”, futa. Hata wale wanaouita bukari kule Katanga hawakukuomba hilo.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila ulichodhani

Chapisha rasimu, au ifungue kwenye simu, uisome kwa macho ya yule mpwa wako. Pigia mstari kila mahali panapotegemea jambo ambalo halimo kwenye karatasi: jina la mtaa, kiongozi, sheria, desturi ya msiba, chombo cha kazi, mzaha wa redioni. Usirekebishe bado. Pigia mstari tu.

Viwili hujificha kuliko vingine. Cha kwanza ni vifupisho. Mwandishi aliyekulia Tanzania huandika JKT au RTC kama anavyoandika “mvua”. Wa Kenya huandika GSU bila kufikiri. Msomaji wa upande wa pili wa mpaka wa Namanga anabaki na herufi tatu zisizo na sura. Cha pili ni bei. “Alimpa shilingi mia” mwaka 1983 ni jambo la kusimulia nyumbani; leo ni chenji ya kumwachia konda. Namba ya fedha haibebi uzito wake kutoka zama moja hadi nyingine, kwa hiyo iandamane na kitu cha kuipimia: kodi ya chumba, mshahara wa karani, au mtu anayeikunja noti mara nne kabla ya kuificha kwenye pindo la kanga. Huo wa mwisho ndio bora, kwa sababu hauhitaji hesabu.

Hatua ya 3: Tenga ya ladha na ya mhimili

Sasa pitia mistari yako yote, kila mmoja uuwekee alama. Mambo ya ladha ni yale yanayotoa harufu ya mahali na wakati: jina la sinema, aina ya baiskeli, mtangazaji wa redio. Mambo ya mhimili ni yale yanayobeba sababu ya kitendo. Kipimo ni swali moja: msomaji asipolijua hili, ni kitendo gani kinabaki bila sababu? Kama hakuna, ni ladha. Liache kama lilivyo, usilieleze, na wala usiliondoe kwa hofu. Msomaji anayekutana na asichokijua mahali ambapo hakimzuii hujisikia amekaribishwa kwenye ulimwengu halisi, kwa sababu hata katika maisha hatuelezwi kila kitu tunachopishana nacho njiani.

Katika hadithi yetu ya Tanga, RTC, kampuni za biashara za mikoa zilizosambaza bidhaa wakati ule, ni ladha. Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyeongoza msako ule, anaweza kuwa ladha vilevile, kutegemea hadithi. Hata mwaka wenyewe unaweza usitajwe. Mhimili ni mmoja: katika siku zile, kukutwa na sabuni nyingi kuliko mahitaji ya nyumba yako kungeweza kukufunga. Asiyelijua hilo hana hadithi mkononi.

Utashangaa jinsi mambo ya mhimili yanavyokuwa machache. Hadithi fupi huwa na moja, mawili, mara chache matatu. Ukiona una tisa, tatizo si msomaji wako. Umepakia riwaya ndani ya hadithi fupi.

Hatua ya 4: Mhimili uufikishe kabla haujahitajika

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Hii ni rasimu isiyotoa chochote:

*Saa nane za usiku Mzee Sefu alimwamsha mkewe. Wakazitoa katoni za sabuni uvunguni, wakaifungua moja baada ya nyingine, wakaitumbukiza miche chooni.*

Aliyekuwepo mwaka 1983 tayari moyo unamdunda. Mpwa wako wa Mombasa anajiuliza: sabuni imewekwa sumu? Ya wizi? Mzee amerukwa na akili? Ukimjibu kurasa mbili baadaye umeshachelewa, kwa sababu tukio limempita akiwa anatatua fumbo ambalo hukukusudia kumtegea.

Mwandishi akigundua hilo, kwa kawaida hukimbilia huku:

*Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha operesheni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Wafanyabiashara wengi walikamatwa, na wengine walitupa bidhaa zao kwa hofu. Mzee Sefu alikuwa mmoja wao.*

Hakuna uongo hapo. Lakini Mzee Sefu ameshapotea. Amekuwa mfano ndani ya somo la historia. Isitoshe, aliyekuwepo amefundishwa anachokijua kwa uchungu kuliko mwandishi.

Jaribu hivi:

*“Huu mmoja tuuache, Baba Rukia,” alinong’ona. “Mche mmoja tu, wa kufulia.”*

*“Jirani walimkuta na miche mingapi?”*

*Hakujibu. Asubuhi ya jana alimwona mke wa jirani akipita na kapu la chakula kuelekea kituoni, buibui kalivaa vibaya, na barazani hakuna aliyemwamkia. Miezi miwili sabuni haijaonekana duka la ushirika. Yeye mwenyewe alikuwa akifulia nepi za mjukuu kwa majani ya mpapai huku katoni sita zimelala chini ya kitanda chake.*

*Akauachia mche. Ulichukua muda kufika chini.*

Angalia kilichofanyika. Wale wawili wanajua kila kitu, kwa hiyo hawaelezani, wanabishana. Ubishi wa watu wanaojua ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumjulisha asiyejua, kwa sababu kila mmoja hulazimika kutaja anachokiogopa. Sheria haikutajwa, matokeo yake yametajwa: kapu la chakula, kituo, baraza lililonyamaza. Tena mpwa wako amepata mhimili wote kabla mche wa mwisho haujadondoka.

Zipo njia nyingine, na kila moja ina mtego wake. Unaweza kumleta mtu mwenye haki ya kutojua: mtoto, mgeni, mfanyakazi aliyeanza kazi juzi. Ni njia nzuri mradi mtu huyo awe na shughuli yake ndani ya hadithi. Mgeni anayekuja kuuliza maswali matatu kisha akatoweka ni chombo, na msomaji atamwona hivyo. Unaweza pia kuutanguliza mhimili kwenye tukio dogo mapema: ukurasa wa kwanza muuza duka anapekuliwa, ukurasa wa nne Mzee Sefu anaamka usiku. Njia ya kuikimbia kabisa ni ile ya mtu kumwambia mwenzake wanalolijua wote wawili. “Kama unavyofahamu mke wangu, serikali yetu imeanza msako…” Hakuna mume Tanga, wala kwingineko, aliyewahi kuzungumza hivyo saa nane za usiku.

Hatua ya 5: Sentensi ya kumjulisha mmoja impe na mwenzake kitu

Wasomaji wa Kiswahili hawafanani, na hii ndiyo shida yetu ya kila siku. Hadithi ileile inasomwa Micheweni, Mbeya, Nakuru, Bukavu na Muscat. Chukua eda, kipindi cha mjane kukaa ndani baada ya kufiwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Kama ni mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Kwa msomaji wa Lamu kumweleza hivyo ni kumpotezea wakati. Kwa msomaji Mlutheri wa Njombe, mjane wako anayekataa kutoka kwenda sokoni anaweza kuonekana mgonjwa, au mwenye siri.

Suluhisho si kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Tafuta sentensi yenye kazi mbili. Badala ya kueleza eda ni nini, andika kwamba wifi yake alikuwa akikata siku kwa mkaa nyuma ya mlango, na kwamba siku ya tisini na tatu mjane aliamka akakuta mistari tisini na sita. Wa Njombe ameelewa kwamba kuna muda unaohesabiwa, kwamba ni mrefu, na kwamba anahesabiwa na watu wengine. Wa Lamu, ambaye hayo yote ni yake tangu utotoni, amepewa jambo jipya: kwa nini wifi anaharakisha eda iishe? Nani anasubiri huko nje? Hakuna aliyefundishwa, na wote wawili wameingia.

Nikikutana na sentensi ya maelezo kwenye mswada wa mtu huuliza: anayejua tayari anapata nini hapa? Kama jibu ni “hapati kitu”, sentensi hiyo haijakamilika.

Wa Lamu pia ataanza kujiuliza kama mjane ana mimba, kwa sababu anajua mimba hubadilisha hesabu. Ukimtaja kwamba alitapika asubuhi, kwake umeshatoa taarifa nzito. Kama hukukusudia, mpe ugonjwa mwingine.

Hatua ya 6: Chunguza unayoyaona wewe tu

Dhana ngumu kuliko zote kuzipigia mstari ni zile ambazo mwandishi hazioni kama maarifa. Nchini Kenya jina la mtu huzungumza. Andika Wanjiru, Otieno, Kiprop, na msomaji wa Kenya ameshajua kwao ni wapi na lugha yake ya mama ni ipi. Sasa weka hadithi Eldoret, siku za mwisho za Desemba 2007, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa zimeanza, kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa Mkenya jina pekee limetosha. Hana haja ya neno jingine ili tumbo limkaze. Kwa msomaji wa Songea hayo ni majina tu, mazuri, ya Kikenya.

Usimletee aya ya makabila na uchaguzi. Fanya jina lenyewe liwe tukio:

*Kijana alikisoma kitambulisho, akamwita mwenzake, akalisoma tena jina kwa sauti.*

*“Mama, kwenu ni wapi?”*

*“Ni hapa. Nimezaliwa Langas.”*

*“Nimeuliza kwenu.”*

Wa Songea sasa anajua kwamba jina limesema jambo, kwamba kuzaliwa hapo hakutoshi, na kwamba jibu sahihi halipo. Hajui siasa za Bonde la Ufa, na kwa ukurasa huu hazihitaji.

Mtanzania naye ana upofu wake. Ukimwita “balozi” tu yule kiongozi wa nyumba kumi za mtaa anayegonga mlango wa hadithi yako, Mkenya anaweza kumdhania mwanadiplomasia, na kweli wapo watakaocheka. Mpe daftari mkononi, aulize kwa nini kuna mgeni ambaye hajaandikishwa. Yatosha.

Hatua ya 7: Mheshimu anayejua kukuzidi

Tumezungumza kana kwamba shida ni asiyejua. Lakini kuna msomaji ambaye ukimkosea mara moja hakuamini tena: mvuvi, nesi, askari mstaafu, mwanamke aliyeuza samaki Feri miaka ishirini. Hakutegemei umfundishe. Anategemea usimdanganye.

Pwani huwaumbua waandishi wa bara kwa bahari. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kutoka sana. Mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu. Unguja na Dar es Salaam, siku za mwezi mpevu bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu saa nne au saa tano. Kwa hiyo ukiwapeleka kina mama kuokota chaza saa kumi jioni, kisha usiku uleule ukawaangazia mbalamwezi ya mwezi mpevu, umewazamisha wote. Vivyo hivyo jahazi la tanga linalowasili kutoka Arabuni mwezi Julai: wakati huo unavuma upepo wa kusi, na majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Na mwezi mpevu huchomoza jua linapotua. Hilo halihitaji uvuvi, kutazama juu kunatosha, lakini hadithi bado zimejaa miezi mipevu inayochomoza usiku wa manane.

Historia nayo ina mitego midogo. Familia inayotazama televisheni Tanga mwaka 1983 ni tatizo, kwa sababu Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mfanyabiashara wako anayevuka Horohoro kwa gari kwenda Mombasa mapema 1983, akagongewa muhuri kama kawaida, ni tatizo zaidi: mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Sabuni ya Mzee Sefu ilipita njia za panya au ilikuja kwa mashua. Wapo wazee wa Mombasa wanaoikumbuka biashara hiyo kutoka upande wa pili.

Fanya hivi: kwa kila jambo la kitaalamu, ama lithibitishe kwa mtu wa kazi hiyo, ama lipunguze hadi kiwango unachokijua. “Walitoka na maji” ni salama. Usitaje saa kama huna hakika.

Pale ambapo wote wanajua, lakini hawakubaliani

Hili si hatua, ni angalizo. Yako mambo ambayo msomaji hahitaji kuelezwa kwa sababu ana maelezo yake tayari, na si yako. Familia zilizobaki Unguja na familia zilizoishia Muscat baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 zitaisoma asubuhi ileile kwa mioyo miwili. Kila sentensi ya muktadha utakayoiongeza itachagua upande, hata kama hukutaka. Kama mhusika wako ana upande, mpe maneno yake, na iwe wazi kwamba ni yake. Msimulizi abaki na yanayoonekana: mlango uliopigwa, chungu kilichoachwa jikoni, mtu aliyerudi na aliyekosekana.

Lugha, tanbihi na sherehe

Kwa kifupi. Masimulizi yawe ya Kiswahili kipana, mazungumzo yawe ya mahali. Makanga wa Nairobi aongee kama makanga, na nahodha wa Pemba kama Mpemba. Sentensi ya msimulizi inayofuata ndiyo itakayomshika mkono msomaji wa mbali. Usiandike tafsiri kwenye mabano.

Tanbihi chini ya ukurasa zinamtoa mtu ndani ya hadithi kila anaposhusha macho. Sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake mwishoni mwa kitabu, haina madhara, na vitabu vinavyosomwa shuleni huihitaji, lakini kumbuka kwamba wengi huigundua wakiwa wameshamaliza. Kwa hiyo isibebe mhimili wowote. Vivyo hivyo kwa wanaosema “atatafuta mtandaoni”. Kwa jambo la ladha, atafute akipenda. Kwa jambo linalobeba kitendo, ukimfanya aiache hadithi akafungue mtandao, hujui kama atarudi. Simu hiyohiyo ina mengi ya kumshika.

Hadithi za ulimwengu wa kubuni zina nafuu moja: msomaji anajua hajui, kwa hiyo anakuwa na subira. Lakini usimfafanulie majini. Ubani umeshawashwa, mlango umefunguka wenyewe. Yuko mbele yako.

Hatua ya 8: Kama unaandika kwa mfululizo

Anayechapisha sehemu kwa sehemu WhatsApp au Facebook ana msomaji wa aina ya pekee: aliyeingilia sehemu ya kumi na nne, na yule aliyesoma ya kumi na tatu wiki mbili zilizopita akiwa kwenye daladala. Kile kipande cha ILIPOISHIA kinachotangulia neno ENDELEA kwa kawaida hurudia sentensi tatu za mwisho. Hizo ndizo msomaji anazihitaji kidogo kuliko zote, kwa maana taharuki anaikumbuka. Asichokumbuka ni nani anajua siri gani. Kitumie kipande hicho kurudisha mhimili: “Rukia bado hajui kwamba barua ile aliipokea shangazi.” Sentensi moja, kisha endelea.

Ndani ya sehemu yenyewe, mhusika aliyepotea kwa sehemu tatu arudi na alama yake, si jina tupu. “Juma akaingia” halitoshi kama hadithi ina kina Juma wawili. Mwingize na fimbo yake, au na kile kikohozi.

Hatua ya 9: Wape watu wasome, lakini usiwaulize kama wameelewa

Tafuta wasomaji watatu: mmoja aliyeishi ndani ya jambo hilo, mmoja wa hatua moja nje, na mmoja kijana. Ukimuuliza mtu wa kwetu “umeelewa?” atakujibu “nimeelewa kabisa, hongera”, kwa sababu adabu haimruhusu kukwambia vinginevyo, hasa kama umemzidi umri. Mwambie hivi: nisimulie hadithi hii kwa maneno yako. Halafu uliza swali la pili pekee: kwa nini Mzee Sefu aliitupa sabuni? Akikwambia “kwa sababu alikuwa anaogopa”, usiridhike. Muulize alikuwa anaogopa nini. Aliyesoma kwa mkato atakwama hapo, na wewe utajua mhimili haukufika.

Usimkatize, na usimsahihishe. Ukianza kueleza, umeshajaza kwa mdomo pengo lililoko kwenye karatasi, na msomaji wa baadaye hatakuwa na mdomo wako karibu.

Aliyeishi ndani ya jambo muulize tofauti: wapi ulichoka? Atakuonyesha sentensi za maelezo moja kwa moja, kwa kidole. Linganisha majibu. Kama wa nje alikwama mahali na wa ndani hakusema kitu hapo, ongeza kitendo au ubishi. Kama wa ndani alichoka mahali ambapo wa nje alielewa vizuri, usifute. Irudishe sentensi hiyo kwenye hatua ya tano uipe kazi ya pili. Na kama wote wawili walisimama kwenye sentensi ileile, kila mmoja kwa malalamiko yake, hiyo ifute kwanza, usome aya nzima bila hiyo, kabla hujaandika nyingine badala yake.